Kutoka Bwana Afya Hadi Bwana Msa

Daladala namba 310 inayotoka Mjini Unguja humfikisha abiria, baada ya kilomita sitini na kitu, mahali kisiwa kinapokwisha. Makunduchi iko kwenye ncha ya kusini-mashariki: ardhi ya mawe ya matumbawe isiyoukubali mkarafuu, pwani ambayo maji yakitoka huenda mbali, na watu wanaosema Kikae, lahaja ambayo jina lake lenyewe limebeba neno "kale" kwa matamshi ya huko. Wengi huujua mji huu kwa Mwaka Kogwa, siku wanaume wanapopigana kwa mabua ya migomba na kibanda cha makuti kikatiwa moto. Wahudumu wa afya huujua kwa hospitali yake. Wapenzi wa riwaya wana sababu yao nyingine: ndiko alikozaliwa Mohammed Said Abdulla, mwaka 1918.

Jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyesoma fasihi ya Kiswahili shuleni. Ndiye aliyemwumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, na kwa kazi hiyo akaifungulia riwaya ya upelelezi mlango wa kuingilia katika Kiswahili. Kinachotajwa kwa haraka kisha kikapitwa ni kazi aliyoianza baada ya kumaliza masomo mwaka 1938. Aliajiriwa katika Idara ya Afya kuwa mkaguzi. Kwa lugha ya mitaani, mtu huyo huitwa Bwana Afya.

Kazi ya Bwana Afya ni kazi ya ajabu kidogo katika utumishi wa tiba. Daktari hukaa, mgonjwa akamjia. Bwana Afya huondoka akaufuata ugonjwa huko unakotoka, kabla haujawa ugonjwa wa mtu yeyote. Huinama kwenye mtungi akatazama kama mna viluwiluwi. Huuliza kisima kiko hatua ngapi kutoka chooni, nyama imechinjwa lini, maji ya kuoshea vyombo humwagwa wapi. Tena huyauliza hayo kwa watu wasiofurahi kumwona, ambao huenda wamekwisha kuusogeza mtungi wenyewe nyuma ya nyumba kabla hajabisha hodi. Hulazimika kuyasoma yale ambayo hakuambiwa: sakafu iliyolowa mahali ulipokuwapo mtungi, mtoto anayemtazama mama yake kabla ya kujibu. Haijaandikwa popote kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha Abdulla kumtunga mpelelezi. Hata hivyo ni vigumu kumfuata Bwana Msa akipita vyumbani na viamboni bila ya kuhisi kwamba aliyemtuma aliwahi kupita huko na daftari la ukaguzi.

Makunduchi yenyewe iliwahi kuwa uwanja wa upelelezi wa namna hiyo, ingawa muda mrefu baada ya Abdulla kuiacha Idara ya Afya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Zanzibar na wa Uingereza walikuwa wakiuandama ugonjwa wa matende. Vimelea vyake huchukuliwa na mbu, na swali lilikuwa lile la Bwana Afya: mbu huyu anazaliwa wapi? Jawabu lilipatikana chini ya vyoo vya shimo vilivyokuwa na maji. Wenyeji walipewa dawa, na pamoja na dawa, mashimo yalimwagiwa punje nyepesi za plastiki nyeupe, jamii ya zile zinazojazwa kwenye maboksi ya vyombo vya umeme. Punje ziliogelea juu ya maji zikafanya tandiko, na viluwiluwi vikakosa pa kuvutia pumzi. Mbu walipungua sana, na wenye vimelea damuni wakapungua vilevile. Mtu akilisoma jambo hilo katika taarifa ya kitaalamu huona majedwali. Likisimuliwa barazani ni hadithi ya mhalifu aliyekuwa akijificha mahali ambapo hakuna aliyependa kutazama.

Abdulla hakudumu katika ukaguzi. Alivutwa na uandishi wa magazeti, na mwaka 1948 akawa mhariri wa Zanzibari. Baadaye alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 aliliongoza Mkulima, jarida la kilimo. Katikati ya shughuli hizo alipeleka hadithi kwenye shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikapata tuzo ya kwanza. Ilichapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976 na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Alifariki mwaka 1991.

Msomaji mkubwa huacha nyayo katika anachokiandika, na nyayo za Abdulla hazijifichi. Kiko cha Bwana Msa kimetoka London. Rafiki anayemfuata, Najum, ambaye huyaona yaleyale anayoyaona Bwana Msa lakini hayaoni, naye ana ndugu yake huko. Hata Spekta Seif, mtu wa serikali ambaye aghalabu hutanguliwa na raia asiye na cheo, si mgeni kwa mtu aliyezisoma hadithi za Sherlock Holmes zilizoandikwa na Arthur Conan Doyle. Abdulla alizisoma kwa mapenzi, walakini si mapenzi ya kasuku. Alichukua mtindo wa kufikiri akauacha ukungu wa London hukohuko. Mahali pake pakaja baraza, kahawa, hirizi, mashamba ya karafuu, umbeya wa mtaani na Kiswahili cha Unguja ambacho wajuzi wa lugha wamekisifu tangu siku hiyo. Mapenzi ya kweli ya kitabu pengine ni hayo: mtu hukisoma hadi kikaanza kusema kwa lugha ya nyumbani kwao.

Hapa ndipo hadithi hii inaporudi hospitalini, kwa njia ambayo huenda Bwana Afya wa zamani angeifurahia. Conan Doyle alikuwa daktari. Alisomea tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1881, na Holmes akatokea kitabuni kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Mwenyewe alieleza kwamba alimchonga mpelelezi wake kwa mfano wa mwalimu wake, Joseph Bell, daktari wa upasuaji, ambaye alimsaidia kuwapokea wagonjwa wa nje. Bell alikuwa na kipaji cha kumtazama mgonjwa akatambua kazi yake na atokako kabla hajajieleza. Siku moja aliingia mtu ambaye hakuvua kofia. Bell alimwambia kwamba alikuwa askari aliyeachishwa jeshi si zamani, na kwamba kikosi chake kilikuwa Barbados. Wanafunzi walistaajabu. Mwalimu akawafafanulia: mtu huyu ana adabu ila hakuvua kofia, na jeshini kofia haivuliwi, angekuwa ameacha jeshi zamani angekwisha kujifunza desturi za raia. Ama Barbados, ugonjwa wake ulikuwa wa visiwa vile, si wa Uingereza. Ugonjwa huo ulikuwa matende.

Basi sanaa ya kutazama ilitoka kwenye chumba cha wagonjwa cha Edinburgh, ikaingia katika hadithi za London, ikavuka bahari hadi kwa mkaguzi wa afya wa Makunduchi aliyekuwa akipenda kusoma, naye akaivisha kanzu. Inayobaki ni safari ya kurudi: kutoka kurasa za Bwana Msa hadi kwenye meza ya muuguzi wa zamu.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, bwana mmoja mwenye mali anakutwa ameuawa mzimuni, mahali pa matambiko ambapo watu huogopa kupita. Kwa walio wengi, jawabu limekwisha kupatikana kabla swali halijaulizwa: pale pana wenyewe, na aliyefikwa kafikwa nao. Bwana Msa hafanyi ubishi kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa wenyewe hao. Anauliza maswali ya kawaida kabisa. Nani alimwona marehemu mwisho? Nani alijua atapita wapi? Nani anafaidika? Pole kwa pole mkono uliotenda unaonekana kuwa mkono wa mtu. Kinachomkaa msomaji akilini zaidi ya jina la muuaji ni kwamba hofu ilikuwa imemsaidia mhalifu. Mahali pasipotazamwa kwa kuogopwa ni mahali pazuri pa kufichia jambo.

Mhudumu wa afya wa shamba hahitaji kuambiwa kwamba riwaya hiyo haijapitwa na wakati. Mama mwenye mimba ya miezi minane huanguka kifafa usiku. Nyumbani husemwa kapandwa. Hufukizwa ubani, husomewa, saa zikapita. Akifikishwa hospitalini, jamaa huulizwa amefanywa nini muda wote huo, kwa sauti ambayo jibu lake limo ndani yake, nao hunyamaza. Mara hiyo mhudumu ameipoteza historia ya mgonjwa, kwa sababu waliokuwa nayo wameona aibu kuitoa. Mwulizaji wa namna ya Bwana Msa angeliacha kando suala la shetani, akaanza na mengine: kichwa kilianza kumwuma lini? Macho yalikuwa yakiona sawasawa? Pete ilimbana kidoleni, viatu vilimkataa? Aliwahi kupimwa presha kliniki, na kadi iko wapi? Majibu hayo, pamoja na kipimo cha presha na cha mkojo, ndiyo yanayokielekeza kifafa cha mimba, ambacho kina dawa yake, magnesiamu salfeti, na ambacho hakingoji. Shangazi aliyesimama mlangoni na kitambaa cha ubani mkononi huenda ndiye pekee aliyeiona pete ilipovuliwa kwa sabuni.

Ni vyema pia kusema kwamba Bwana Msa ana kasoro, na si ile iliyotajwa kwenye jina la kitabu cha mwaka 1984. Kama Holmes, kama Bell, ana raha ya mtu anayejua. Watu mbele yake wakati mwingine huwa mafumbo, na fumbo likifumbuliwa mtu husahauliwa. Mgonjwa akifanywa fumbo hupona au hufa, lakini hapati kuzungumza. Kwa hiyo mpenzi wa hadithi hawezi kuishia kwa wapelelezi, hata akiwapenda vipi. Riwaya za wengine wa visiwa hivi humweka msomaji upande wa pili wa meza, upande wa anayetazamwa.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, ni mfano ambao kila mkunga angestahili kuupata. Katika nyumba ya Maksuudi wanawake hufungiwa ndani kwa amri ya mwenye nyumba. Uchungu wa uzazi unapomjia mkewe, Tamima, mkunga anayeletwa ni mtu ambaye mume hamtaki mlangoni pake, na kuingia kwake kunageuka sababu ya kipigo na talaka. Mhudumu anayejiuliza kwa nini mama fulani amechelewa kufika hukuta humo jibu ambalo halipo kwenye fomu yoyote ya rufaa. Mama hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa akipima hatari mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ikirudi nyumbani jioni.

Abdulrazak Gurnah naye, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, ana riwaya iitwayo Admiring Silence, ya mwaka 1996, inayoanza kwa ziara ya daktari. Mtu kutoka Zanzibar aishiye Uingereza anakwenda kupimwa moyo. Daktari, kwa kumtazama tu, anamhesabu kuwa mtu wa visiwa vya Karibi na kumweleza habari za mioyo ya watu wa asili hiyo. Mgonjwa hamsahihishi. Anaondoka na ugonjwa wake na uongo ambao hakuutunga yeye. Inafaa kuliweka tukio hilo kando ya lile la Bell na askari wa Barbados. Kutazama ni kulekule. Tofauti ni kwamba Bell alikuwa na dalili, yaani kofia na mguu uliovimba, ilhali huyu wa pili alikuwa na rangi ya mtu na dhana yake. Ukurasa huo ungefaa kusomwa darasani siku wanafunzi wa tiba wanapofundishwa kuchukua historia ya mgonjwa. Riwaya yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kama zote za Gurnah. Ila Paradise imepata Kiswahili chake mwaka 2022, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Je, kusoma hadithi humfanya mhudumu kuwa mwema zaidi? Hapa pahitaji tahadhari, maana wapenzi wa vitabu hupenda kujisifu. Mwaka 2013 watafiti wawili wa New York, Kidd na Castano, walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba waliosoma vipande vya fasihi waliweza zaidi, kwa muda mfupi, kutambua hisia za wengine. Habari hizo zilienea kwa haraka ya moto wa makuti. Wengine walipoyarudia majaribio hayo kwa watu wengi zaidi, hawakupata matokeo yaleyale. Basi riwaya haiandikwi kwenye cheti cha dawa kama vidonge, kimoja asubuhi kimoja jioni. Inachoweza kufanya ni kidogo na cha kuaminika zaidi: humpa mtu mazoezi ya kukaa na maisha ya mwingine kwa saa kadhaa bila ya kumkatiza. Ni zoezi ambalo foleni ya wagonjwa wa nje hailiruhusu. Huko Marekani daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyesomea fasihi hadi shahada ya uzamivu, ameufanya usomaji wa karibu wa hadithi kuwa sehemu ya mafunzo ya madaktari. Anachokifundisha ni kwamba mgonjwa huja na kisa, na kisa kina mwanzo, kina mtu anayekisimulia, kina na mahali kinapofichwa.

Kwa upande wa mgonjwa hesabu ni nyingine. Aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, ukavutwa kwa uzito kitandani, ana wiki nyingi za kuitazama dari. Anayetibiwa kifua kikuu ana miezi sita ya dawa mbele yake. Simu hujaza sehemu ya muda huo, kisha chaji ikaisha, au vocha. Riwaya ya Bwana Msa haiishi chaji. Ina sifa moja inayomfaa mtu mwenye maumivu: humpa jambo la kuwaza lisilohusu mwili wake, na humwahidi kwamba kesho yake kuna sura nyingine. Tatizo ni kuvipata vitabu vyenyewe. Aghalabu huchapishwa upya kwa ajili ya shule, na baada ya mitihani nakala hulala kabatini au huchanwa kufungia karanga. Sanduku moja la nakala hizo, likiwekwa karibu na meza ya muuguzi, lisingeigharimu wodi zaidi ya pahali pa kuliweka.

Wapo pia wasioweza kusoma tena. Mtoto wa jicho huwafunga wazee macho polepole, na wanaongojea kufanyiwa upasuaji hukaa wakisikiliza. Hao ndio watu wa paukwa pakawa, waliozijua hadithi kabla hazijawa vitabu, nao husikiliza kwa ukali kuliko msomaji yeyote. Mjukuu aliyekuja na chakula cha mchana huweza kukaa ukingoni mwa kitanda akasoma sura moja kwa sauti, bibi akamkatiza kumwuliza yule bwana alikuwa amevaa nini, na mlango uliachwa wazi au umefungwa. Huenda akamtaja muuaji kabla Bwana Msa hajawasha kiko chake.